Kidole Hakisomeki

Nilifika Newala ukungu haujaamua kuondoka,
kinasa sauti mfukoni, betri mbili za akiba,
na daftari lenye maswali kumi na manne
ambayo Bi Somoe Liwowa hakujibu hata moja.

"Ngoja nimalize hizi," alisema.
Akaendelea kubangua.
Ko. Ko. Ganda huku, kiini kule.
Miaka thelathini na moja, mkono uleule,
ko, bila kujigonga, ko, bila kutazama.
Nikabonyeza kitufe chekundu, nikidhani napima sauti tu.

"Unataka maisha yangu? Anza na hivi."
Akaninyooshea vidole.
Mafuta ya ganda la korosho hayana huruma:
yalikula ngozi, yakala na mistari yake,
yakaacha ncha kumi nyororo kama kokoto za mtoni.
Siku ya kusajili laini ya simu, kijana wa kibandani
alimkandamiza dole gumba juu ya kile kioo
mara saba.
Hakisomeki, mama. Futa jasho. Hakisomeki.
Lete cha shahada. Hakisomeki.
Foleni ikaguna nyuma yake.
"Ndipo akaniuliza," anasema, na hapa anacheka,
ukitega sikio utasikia kicheko kimejikwaa,
"akaniuliza, mama, una hakika wewe ni wewe?"

Ko.

"Nikamwambia, mwanangu, vidole vyangu vimo
matumboni mwa watu nisiowajua,
wanaotafuna korosho nyeupe huko waliko
na kushushia kinywaji. Kawadai wao."

Usiku, mwenzangu Makarios, fundi wa kusafisha sauti,
alisema tuondoe hizo kelele za kugonga, zinaziba maneno.
Tukaondoa.
Akabaki mwanamke anayezungumza ndani ya chupa.
Tukazirudisha.

Jumamosi tukaenda na spika, tukaiweka juu ya gunia
ubavuni mwa ghala la chama cha msingi.
Wakaja wabanguaji wenzake, wakaja wapakiaji,
akaja na muuza mandazi, beseni kichwani.
Bi Somoe akajifunika uso kwa kanga:
"Ndiyo mimi huyo? Mbona nina sauti ya shangazi?"
Hawakusikiliza kimya kama tulivyowaomba.
"Si mara saba, tisa! Nilikuwa nyuma yako, mtoto mgongoni!"
"Mimi walinisajilia kwa kidole cha mume wangu.
Kaoa kwingine, na namba kaondoka nayo!"
Muuza mandazi alicheka hadi akatua beseni chini.

Kisha Dafroza, aliyekaa mwisho, ambaye husema kwa nadra,
akainua mikono yake miwili juu ya kichwa,
viganja mbele.
Akainua na jirani yake. Na wa pili yake.
Ncha kwa ncha, nyororo, zinang'aa juani,
wala hakuna aliyesema neno.
Hilo kinasa sauti hakikulinasa.
Kwenye faili, dakika ya tisa, pana upepo tu
na jogoo wa mtu.

Nilikuwa na fomu. Kila simulizi ina fomu yake:
msimulizi ameridhia, tarehe, shahidi,
na chini kabisa kisanduku kitupu: saini, au dole gumba.
Nikafungua kibweta cha wino kabla sijafikiri.
Bi Somoe akachovya, akabandika, akaondoa.
Doa jeusi, duara, halina hata mstari mmoja,
kama shimo lililotobolewa kwenye karatasi.
Tulilitazama sote wawili.

Akakichukua kinasa mkononi mwangu,
akakisogeza mdomoni kama mtu anayepuliza kaa la moto.
"Mimi Somoe, binti wa Liwowa, mjukuu wa Nantende,
mzaliwa wa Mahuta mwaka wa njaa ya mihogo michungu,
nimekubali. Ila nikisikia mmekata kugonga kwangu
nitakuja huko kwenu kwa miguu."
Akanirudishia.
"Haya. Isome hiyo."